Mchicha Una Dawa

Bibi Shamba alipata habari kwamba analisha watoto sumu akiwa amepiga magoti kwenye tuta la mwisho la bustani ya shule, mikono imejaa mboji mpaka viwikoni. Aliyemletea habari ni mpishi wa shule. Alikuja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi, na kwa mwili aliojaliwa mama yule, mbio hazikuwa jambo la kila siku.

"Shoga, makubwa!" mpishi alisema, pumzi juu juu. "Wazazi wameitisha mkutano. Wanataka bustani ing'olewe."

"Ing'olewe kwa kosa gani?"

"Wanasema mchicha wako una dawa."

Bibi Shamba alicheka. Alicheka kweli, akajifuta jasho, akajipaka mboji kwenye paji la uso. Kisha akamtazama mpishi, akaona mwenzake hacheki, na kicheko chake nacho kikakatika.

Jina la Bibi Shamba alilipata kazini. Kwa miaka mingi alikuwa ofisa wa kilimo, akizunguka kwenye mashamba ya watu kuwafundisha kupanda na kupalilia, na alipostaafu, jina lilikataa kustaafu naye. Mwalimu mkuu ndiye aliyemwomba aje aangalie kama kiwanja cha nyuma ya madarasa kinaweza kuotesha chochote. Kiwanja gani! Mafundi waliojenga shule walikuwa wameacha pale vipande vya matofali, saruji iliyoganda na mchanga ambao hata magugu yaliukimbia. Mwingine angeshukuru kwa kukumbukwa, akarudi zake nyumbani kupumzika. Yeye alirudi kesho yake na jembe.

Udongo wa kufaa hakuununua, aliupika. Maganda yote ya jikoni, majani makavu yaliyofagiliwa uwanjani, samadi ya kuku kutoka kwa jirani aliyefurahi kuondolewa ile harufu, na majivu kidogo ya jiko: alivipanga tabaka juu ya tabaka, akavinyunyizia maji, akavifunika. Katikati ya lundo alichomeka fimbo. Kila alipopita aliichomoa na kuishika kiganjani. Ikiwa ya moto, aliguna kwa kuridhika. Ikiwa baridi, aligeuza lundo zima kwa koleo huku akilisema kama anasema na mtoto mvivu. Msimu wa kwanza alivuna mchicha wa kuonea haya, majani ya njano yenye mashimo. Baadaye, mboji ilipokwisha kuzoeana na ule mchanga, majani yalianza kutoka mazito, ya kijani kilichokolea, na mpishi akaanza kulalamika kwamba sufuria haitoshi.

Halafu kulikuwa na mlonge. Miti yake ilijiotea yenyewe kwenye ua, na hakuna aliyeithamini. Bibi Shamba alichuma majani machanga, akayatwanga kwenye kinu, akayakamua kwa kitambaa safi, akayazimua kwa maji mengi, akayatia kwenye bomba la mgongoni na kuyapuliza juu ya mboga jua likiwa bado changa. Kazi yote ilikuwa ya asubuhi moja, kwa sababu maji ya mlonge hayalali. Ukiyaacha yanachacha na kunuka.

Jasho lote hilo lilikuwa na sababu moja. Tumbo la mtoto ni dogo. Mboga anayokula mchana ni vijiko vichache tu, na nusu yake huishia kwenye shati. Katika maisha yake ya kazi Bibi Shamba aliona mboga kubwa kubwa zilizotoka kwenye udongo uliochoka, zikijaza sufuria na kuacha mwili na njaa. Alitaka vile vijiko vichache viwe na kitu ndani. Wajukuu zake wenyewe walikuwa wakila pale, na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, aliwahi kumwambia jikoni huku wanamenya viazi, "Mama, huyu mdogo aliyekuwa akisinzia darasani, siku hizi hakamatiki." Bibi Shamba alifurahia maneno yale kuliko mafao ya kustaafu.

Na sasa mchicha una dawa!

"Neno hilo limetoka wapi?" alimuuliza mpishi, akiinuka na kukung'uta magoti.

Mpishi aliutazama mwiko wake. "Sasa usinikasirikie. Mimi nilikuwa sokoni, nanunua vitunguu. Watu wakaniuliza, mbona watoto wa shule yenu siku hizi wamenawiri? Nikasema, mchicha wa Bibi Shamba ni dawa."

"Ni dawa."

"Ndiyo, ni dawa! Nilikuwa nakusifia, mwenzangu!"

Basi hapo ndipo palipoharibikia. Mpishi alisema *ni dawa*, yaani ni mchicha unaorudisha damu na nguvu. Muuza vitunguu akamwambia muuza nyanya kwamba mchicha ule *una dawa*, yaani ndani yake mna kitu. Muuza nyanya akamwambia mteja wake kwamba *umepigwa dawa*, na yule mteja alikuwa mzazi. Neno lilitoka kinywani mwa mtu mmoja likiwa sifa, likafika shuleni likiwa kesi. Na lugha yetu nayo, Mungu aisamehe, imeweka kidonge cha homa, sumu ya panya, kitu cha kusugulia meno na mzizi wa mganga kwenye kapu moja, kila mtu atie mkono achukue anachokitaka.

Asubuhi ya siku ya mkutano, kabla mtu yeyote hajapiga kura wala kusikiliza lolote, mkokoteni wa kabichi za kuziba nafasi ya mchicha ulikuwa umekwisha kufika jikoni. Bibi Shamba aliukuta unapakuliwa. Kabichi zilikuwa kubwa, za duara, zinang'aa. Alichukua moja, akafunua majani ya juu, akaisogeza puani, na harufu ikampiga mpaka macho yakamtoka machozi. Kati ya majani kulikuwa na madoa meupe yaliyokauka.

"Hizi zilipulizwa lini?" alimuuliza mwenye mkokoteni.

"Hizi? Safi kabisa hizi, mama. Tazama mwenyewe, hata tundu moja la mdudu huoni."

"Ndiyo hilo linalonitisha. Mdudu amekataa, wewe unawapa watoto."

Mwenye mkokoteni alicheka akidhani ni utani. Bibi Shamba alimwambia mpishi aondoe majani ya nje yote na aoshe zilizobaki mpaka mikono imchoke, kisha akatoka, maana angekaa pale dakika moja zaidi angesema maneno ambayo mtu wa umri wake hapaswi kuyasema mbele ya jiko la watoto.

Mkutano ulifanyika darasani. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa videvu, na wale wanene wakasimama ukutani. Mbele, karibu na ubao, aliketi mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikuwa na duka la dawa kona ya barabara, na wote walimwita Daktari, ingawa udaktari wake ulianzia na kuishia kwenye koti jeupe. Nyumba yake ilijengwa kwa dawa. Watoto wake walivaa dawa na kula dawa. Leo ndiye aliyesimama na kulitamka neno hilo kama limemwozea mdomoni.

"Wazazi wenzangu, mimi dawa nazijua," Daktari alisema. "Dawa ina kipimo. Dawa ina tarehe ya mwisho. Dawa haitwangwi kwenye kinu ikapulizwa kwenye chakula cha watoto wasio wagonjwa."

Watu waliitikia kwa miguno. Mwalimu mkuu, mtu mpole anayeogopa makelele, alimpa Bibi Shamba nafasi ya kujieleza.

Alijieleza vizuri, hata maadui zake wangekubali. Alianza na udongo, akaeleza jinsi mboji inavyoufanya ushike maji na kuupa mmea chakula taratibu. Akaeleza kwamba majani ya mlonge ni mboga, wengi wao wanayapika nyumbani, na maji yake yanausaidia mchicha kukua na kunawiri. "Hakuna sumu pale," alisema. "Sijawahi kuipeleka. Mdudu akija namtoa kwa mkono. Kinachoingia kwenye bomba langu ni majani na maji, basi."

Mama mmoja wa mbele alianza kutikisa kichwa kwa kukubali. Bibi Shamba aliona mambo yanageuka, akavuta pumzi.

Ndipo mwalimu mkuu alipokohoa. "Samahani, Bibi Shamba. Nauliza tu, nisije nikaficha jambo. Wiki iliyopita nilikupigia simu asubuhi. Si ulinijibu kwamba uko bustanini, unapiga dawa?"

Alikuwa kweli amejibu hivyo. Alikumbuka hata alivyokuwa amesimama, simu imebanwa kati ya sikio na bega, bomba mgongoni. *Nakusikia, Mwalimu, ngoja nimalize kupiga dawa.* Mtu aliyevaa bomba anasemaje? Hivyo ndivyo wasemavyo wakulima wote aliowahi kufanya nao kazi, waingize chochote mle bombani, hata maji matupu. Angesema nini mtu asubuhi, "ngoja nimalize kuunyunyizia mchicha virutubisho vya majani"? Hata yeye mwenyewe angejicheka.

"Nilisema," alijibu. "Ni lugha tu ya shambani, Mwalimu."

"Amekiri!" sauti ilisema kutoka nyuma.

"Sijakiri chochote! Nimesema neno kama unavyolisema wewe!" Bibi Shamba aligeuka kumtafuta mwenye sauti na hakumwona, kwa sababu watu wa sauti za nyuma hawana nyuso. Akainama, akachukua chupa ya maji ya mlonge aliyokuja nayo, yaliyokamuliwa asubuhi ile ile, akamimina kwenye kikombe mpaka juu. "Haya. Tazameni wote."

Akanywa. Ni machungu kiasi, na yana ladha ya majani mabichi, lakini alikunywa kikombe kizima bila kukunja uso, akakigeuza juu chini kuwaonyesha kwamba hakuna tone lililobaki.

"Mganga naye huanza kunywa mwenyewe," ile sauti ya nyuma ilisema, "ndipo ampe mgonjwa."

Darasa zima liliangua kicheko. Na kicheko kile ndicho kilichomaliza kesi. Kabla yake Bibi Shamba alikuwa mtu anayetuhumiwa kupuliza sumu, jambo ambalo angalau linabishaniwa kwa hoja. Baada yake alikuwa mwanamke mzee aliyetwanga majani kwenye kinu na kuyanywa hadharani. Utabishana nini na kicheko? Mpishi alisimama ukutani na kupiga kelele, "Mimi ndiye niliyesema ni dawa, jamani, nilikuwa nasifia!" lakini maneno yake yalizidi tu kukoleza moto. Waliosikia walisikia dawa, na dawa, na dawa.

Daktari aliomba wanaotaka bustani ing'olewe wanyooshe mikono.

Bibi Shamba aliangalia mikono ikiinuka, akijizuia kutafuta ule mmoja. Aliutafuta hata hivyo. Mkwe wake aliketi dawati la tatu karibu na dirisha, macho kwenye mapaja. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona majirani zake wote wamenyoosha. Kisha mkono wake ukapanda taratibu, ukaishia usawa wa sikio, mtu asijue kama anapiga kura au anajikuna. Lakini Daktari aliuhesabu.

Jumamosi walikuja kung'oa. Bibi Shamba aliombwa akae nyumbani, eti apumzike, naye akaenda shuleni hivyo hivyo. Alikaa kwenye ngazi ya stoo ya shule, mikono mapajani, akaangalia. Hakumtegemea mtu yeyote amhurumie, na kweli hakuna aliyejaribu.

Waliingia bustanini wakiwa na furaha ya watu walioitwa kwenye kazi ya pamoja. Waling'oa mchicha kwa mizizi, na ule udongo mweusi ukawa unadondoka kwenye viatu vyao. Mwanamume mmoja aliusugua kidogo kati ya vidole na kusema, "Udongo huu, lo!" halafu akakumbuka kilichomleta na kuendelea kung'oa. Walikata mlonge. Walimwaga lile lundo na kulitawanya ukutani, na mvuke ukatoka ndani yake. Bibi Shamba aliumia kwa lile lundo kuliko alivyotegemea. Alitaka kupiga kelele. Alibana meno mpaka taya zikauma.

Kisha akaona jambo ambalo mwanzoni hakuliamini.

Mchicha haukutupwa. Daktari alikuwa ameamuru urundikwe na uchomwe, na kweli kulikuwa na rundo, lakini rundo lilikuwa la mashina na mizizi. Majani yalikuwa yanaingia kwenye mifuko. Mama mmoja alikuwa anakata mizizi kwa kisu kidogo alichokuja nacho kutoka nyumbani. Mwingine alikuwa anafunga mafungu kwa ukindu, nadhifu kabisa, kama wa kupeleka sokoni. Walifanya hivyo bila kutazamana, kila mmoja akijifanya ndiye peke yake.

Bibi Shamba aliinuka. Alitembea hadi kwenye lango dogo la bustani, ambalo upana wake ni wa mtu mmoja, akasimama katikati yake.

Wa kwanza kufika alikuwa mke wa Daktari, mfuko umefura.

"Umebeba nini, mwanangu?" Bibi Shamba alimuuliza.

"Aa, hizi ni za kuku tu, Bibi Shamba."

"Kuku wako wanakula mchicha wenye dawa?"

"Kuku hawadhuriki."

"Na kuku hao, wewe huwali?"

Mke wa Daktari aliusogeza mfuko nyuma ya mgongo.

"Basi dawa itakufikia tu," Bibi Shamba alisema. "Umwage hapa, au useme mbele ya hawa wote kwamba ni chakula."

Watu walikuwa wameacha kazi. Mke wa Daktari alimtazama mumewe upande wa pili wa bustani, na mumewe ghafla akaona kitu cha maana sana kwenye simu yake. Mfuko ukamwagwa. Mwanamke akapita huku amevimba, akitikisa vumbi kwenye nguo. Wa pili alimwaga bila kuulizwa. Wa tatu alijaribu kusema ni wa mgonjwa nyumbani, akaona anajichimbia shimo mwenyewe, akamwaga. Hakuna hata mmoja aliyesema lile neno moja tu, chakula, ambalo lingempitisha na mfuko wake. Waliona bora kupoteza mboga kuliko kusema kwamba walikosea. Lango likajaa majani ya kijani yanayokanyagwa, na Bibi Shamba akawaangalia wakiyakanyaga, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa yanavuma.

Wa mwisho alikuwa mkwe wake.

Alikuja polepole, mfuko ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa amejaza kuliko wote. Alisimama mbele ya mama mkwe wake na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi Shamba hakuitikia. Katika miaka yote waliyokaa pamoja, hilo halikuwahi kutokea.

"Umebeba nini?"

"Mchicha, mama."

"Una nini huo mchicha?"

Wale waliokwisha kupita walikuwa wamesimama nje ya lango, wakisikiliza. Mkwe alitazama yale majani yaliyokanyagwa chini, kisha akaubana mfuko zaidi.

"Hauna kitu, mama. Ni chakula," alisema, na alisema kwa sauti. "Ni chakula cha watoto. Nilijua tangu mwanzo ni chakula."

"Ulijua."

"Nilijua, mama. Nimekuona ukitwanga. Mlonge nimeuchuma mwenyewe kwa mkono huu."

"Ni mkono huo huo uliouinua mkutanoni?"

Mkwe alianza kulia. "Wenzangu wote walikuwa wamenyoosha. Nitakaa nao vipi mtaani? Nisamehe, mama."

Wale wengine, waliopotoshwa na neno, Bibi Shamba aliweza kuwatukana moyoni, akapumua. Huyu hakupotoshwa na neno lolote. Huyu alikuwa na ukweli mzima mfukoni, akainua mkono. Na nyumbani kulikuwa na watoto wawili, mdogo wao asiyekamatika, ambao mchana ule wangekula hicho kilichokuwa kwenye mfuko, au wasile.

Alisogea pembeni, lango likawa wazi.

"Pita," alisema. "Kapike, watoto wale. Usiuchemshe sana. Lakini radhi usiniombe leo, mwanangu. Leo sina."